Memori kadi ya V30 au V60?

Ile namba kubwa iliyo mbele ya kadi, tuseme 170, mara nyingi ni kasi ya kusoma, si ya kuandika. Tafuta herufi V ndogo: V30 inahakikisha angalau megabaiti 30 kwa sekunde wakati wa kurekodi mfululizo, V60 megabaiti 60.

Kwa video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde, V30 inatosha na kubaki, maana hizo ni megabaiti 12.5 tu. Usipoteze hela hapo.

Picha za mfululizo ndizo zenye kazi. Maharusi wanalishana keki, umebana kitufe, picha ghafi (RAW) za megabaiti 25 kila moja zinajazana kwenye bafa, yaani kumbukumbu ya muda ya kamera, taa nyekundu inawaka, kamera inagoma. Nimewahi kukosa picha hivyo, na bado inaniuma.

Kadi za V60 ni za UHS-II, mfumo wa kasi zaidi wa kupitisha data kuliko UHS-I: igeuze, utaona safu mbili za pini. Bafa inamwaga picha kwenye kadi upesi zaidi. Ila kamera ikiwa ya UHS-I, safu ya pili haiguswi, na kikomo kinakuwa megabaiti 104 kwa sekunde. Soma kwanza kijitabu cha kamera yako.