Sahani za Kinu: Nunua Ugumu wa Kiini, Si wa Ngozi

Malalamiko ya wasomaji kuhusu sahani za kinu, yaani bamba za chuma zinazokinga ndani ya kinu cha kusagia mawe, na vipuri vya pampu za mchanga yanafanana: cheti kilionyesha ugumu mkubwa, kipuri kikaanza kazi vizuri, kisha kikalika kwa kasi ya ghafla. Uzito na matundu ya bolti kila mnunuzi huvikagua, hivyo naviacha. Kasoro inayosahauliwa ni kiini laini, yaani katikati ya kipuri, chini ya ngozi yake ngumu.

Chuma cha kusubu chenye kromiamu nyingi hutoka kwenye kalibu kikiwa na kabidi ngumu (misombo ya kaboni na metali) zilizoshikiliwa na ostenaiti, umbo la chuma ambalo ni laini kiasi. Kikichomwa upya kwa saa kadhaa, kwenye nyuzi 950 hadi 1050 za Selsiasi, kaboni na kromiamu hutoka katika ostenaiti na kuunda kabidi ndogondogo, nayo ostenaiti iliyopungukiwa hugeuka matensaiti, umbo gumu la chuma, wakati wa kupoa hewani. Joto likizidi, ostenaiti nyingi hubaki. Kipande kinene kikichelewa kupoa, katikati hutokea pealaiti, umbo laini zaidi ya matensaiti, ambayo mchanga huila upesi na kuziacha kabidi bila egemeo hadi zikavunjika.

Ndiyo maana nafasi ya kwanza naipa, bila kuficha upendeleo, aloi ya kromiamu asilimia 15 na molibdenamu asilimia 3, kwa kuwa molibdenamu huzuia pealaiti hata kwenye unene mkubwa. Ya pili ni Ni-Hard 4, aloi ya chuma cha kusubu yenye nikeli na kromiamu, ambayo hupata kinga hiyo kutokana na nikeli, ingawa nikeli hiyohiyo huelekea kubakiza ostenaiti. Ya tatu ni chuma chenye grafaiti ya duara kilichopoozwa ndani ya chumvi iliyoyeyushwa: mchanga hukila haraka zaidi, lakini hustahimili mapigo ambayo yangepasua hizo mbili. Chuma cha kijivu kisichorudishwa tanuruni ni rahisi, na sifa zake zinaishia hapo.

Kinachoniudhi ni wauzaji wanaotoza gharama ya tanuru bila kuonyesha chati ya joto, huku ugumu wakiupima juu tu. Dai chati hiyo, pamoja na vipimo vya ugumu kutoka ngozi hadi katikati ya kipande cha majaribio kilichokatwa. Unene wake ulingane na wa sahani, kwani kipande chembamba hupoa upesi na hakithibitishi lolote kuhusu kiini utakachokilipia.