TAHADHARI: VPN ya "maisha yote" kwa 25,000, kuna mtu anazunguka kwenye magrupu ya Unguja na Pemba

Assalam aleikum ndugu zangu, na wasokuwa Waislamu salamu zenu pia. Nawaomba msome mpaka mwisho na mumpelekee kila mnayemjua anatumia simu ya Android, hasa kinamama wenye biashara zao ndogo kama mie, maana huyu mtu anatupitia sisi.

Kuna mtu anauza VPN, yaani programu ya kuficha unachofanya kwenye intaneti na kufungua mitandao ilofungwa, kwenye magrupu ya WhatsApp ya kuuza na kununua, yale yale ya mitumba na samani na vyombo, humo humo anaingia anaweka tangazo lake: VPN orijino, unalipa mara moja unatumia maisha yako yote, 25,000 badala ya 180,000, ofa inaisha leo saa sita usiku. Chini yake skrinshoti za watu wanamshukuru. Picha yake kijana kavaa kanzu nyeupe na kofia ya viua, ukimtizama tu unasema huyu mtu wa watu.

Mie nna nyumba ndogo ya wageni, vyumba vinne, huku kusini Unguja. Kazi yangu yote imo ndani ya simu, bukingi humo, wageni humo, pesa humo. Nikishuka mjini kupokea mgeni wa boti nakaa mgahawani karibu na bandari Malindi natumia wai-fai yao, sasa mgeni mmoja akanambia usifungue mambo ya benki kwenye wai-fai ya watu bila ya VPN. Neno likaniganda. Na tena tokea X, ile ilokuwa Twitter, ilipofungwa nchini Mei 2025 kila mtu akawa anaitaja VPN, mpaka watoto wa skuli, kwa hiyo halikuwa jambo geni. Nikatizama zile kampuni kubwa, ukilipa mwezi mmoja mmoja ni kama dola 13, zaidi ya elfu 30 kila mwezi, na wanataka kadi, kadi yangu inakataa malipo ya nje. Kisha nakutana na tangazo la 25,000 mara moja tu, unalipa kwa simu. Nikaona ndo langu hili.

Nikamwandikia. Jamani adabu yake! "Waaleikum salaam dada yangu, karibu sana, umekuja pahala pa haki." Nikamuuliza wewe wa wapi, akasema Mpemba wa Wete ila duka lake lipo Chake. Mama yangu kwao Wete, basi roho ikatulia. Nikamuuliza wa kwa nani? Akajibu "sie watu wa Limbani dada" na hapo hapo akarudi kwenye ofa. Hapo ndo ilikuwa nisimame, maana mtu wa Wete ukimuuliza wa kwa nani atakutajia mpaka bibi yake mzaa babu. Na wakati wa kutuma pesa jina lilotokea ni la mwanamke, akasema la mke wangu hilo. Nikatuma.

Akanipa emeli na paswedi ya kampuni moja inayojulikana duniani, nikaingia, ikafanya kazi. Siku tisa. Siku ya kumi ikaniandikia vifaa vimezidi idadi, kesho yake paswedi ikakataa kabisa. Sasa ndo nafahamu ile akaunti haikuwa yake hata kidogo. Ile emeli ilikuwa na jina la mtu na mwishoni .br, yaani mtu wa Brazili huko, kalipia akaunti yake kwa pesa yake, paswedi yake imeibiwa, na huyu wetu anaiuza kwa watu ishirini huku. Mwenyewe alipogundua akabadilisha paswedi, na haki yake. Kwa hiyo hata zile siku tisa nilizofurahia nilikuwa naingia kwenye kitu cha wizi bila ya kujua, na hilo linaniuma.

Nilipomlalamikia hakukasirika wala hakuniblok, angeniblok siku ile ingekuwa kheri yangu. Akaniomba radhi, akasema ongeza 10,000 tu nikutie kwenye seva (kompyuta kubwa ya mtandaoni) ya VIP, hii ni programu yetu wenyewe, ina spidi, inafanya kazi hata ukiwa huna bando, hata mtandao ukizimwa kama ule wakati wa uchaguzi Oktoba 2025, na wala huhitaji kujitaja TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano. Nikatuma tena. Akaniletea faili la APK, yaani programu ya kuitia simuni mwenyewe, humo humo WhatsApp, si la Play Store. Simu yenyewe ikanionya kwa maandishi mekundu kwamba programu hii inaweza kuwa na madhara. Nikampigia picha nikamtumia, akajibu kwa sauti, "bonyeza endelea tu dada, hao wanatoa onyo kwa sababu hawataki watu watumie VPN." Ikaomba kusoma meseji, nikakubali. Ikaomba majina ya watu kwenye simu, nikakubali. Ikanipeleka mpaka kwenye ile sehemu ya ufikivu, ile ambayo imewekwa kwa ajili ya wasioona ili simu iwasomee yalioko kwenye skrini, ikasema washa, nikawasha.

Kuanzia hapo bando likawa halikai. Natia la wiki linakwisha kwa siku mbili, simu nikiiweka mtoni usiku inaunguza shavu. Nikadhani betri imechoka.

Jumanne alfajiri, nimetoka kusali, napigiwa na binti ami yangu, anauliza kwa haraka "mtoto kalazwa wapi?" Mtoto gani? Kumbe WhatsApp yangu imeshatolewa kwenye simu yangu, iko kwa mtu mwengine, na anaandika kwa jina langu na picha yangu kwa kila mtu: nipo hospitali na mtoto, naomba 80,000 kwa namba hii, ntakurejeshea kesho In Sha Allah. Khalati yangu, mtu mzima, anauza maandazi, alikuwa ameshatuma. Hakuuliza hata swali moja kwa sababu ni mie.

Nikaenda kwa fundi wa simu Darajani, kijana mdogo lakini anajua kazi yake. Kitu cha kwanza nilitaka niombe zile namba sita za WhatsApp nirudi kwenye akaunti, akanizuia mkono, "dada usiombe namba kwenye simu hii, zikija kwa meseji na yeye anazisoma." Akachomoa laini yangu akaitia kwenye simu yake ya batani. Kisha akafungua sehemu ya matumizi ya data akanigeuzia simu nitizame mwenyewe: juu kabisa, kuliko YouTube, kuliko WhatsApp, ile VPN, GB 11, na karibu zote zimetumika wakati simu imelala. Akateremka kwenye ruhusa: meseji imeruhusiwa, majina yameruhusiwa, ufikivu umewashwa. Akajaribu kuiondoa, kila akibonyeza kuondoa ukurasa unajifunga wenyewe, mara tatu mbele ya macho yangu. Mwisho akahamisha picha zangu akaifuta simu yote.

Sasa sikilizeni alonifahamisha, maana hili ndo hasa nililoandikia. VPN ni kama bomba. Simu yako inapeleka kila kitu kwenye seva ya mwenye VPN kwanza, ndo kiende kwenye intaneti. Mwenye wai-fai ya mgahawa haoni kitu, sawa, lakini mwenye VPN anaona unakwenda tovuti gani na saa ngapi. Kwa hiyo ukinunua VPN kwa mtu usiyemjua hujajificha, umemhamishia macho yeye. Na VPN ya kweli kwenye Android inataka ruhusa moja kubwa tu, linatokea lile ombi la kuunganisha, ukikubali unaona kialama cha ufunguo juu ya skrini. Haina kazi na meseji zako. Haina kazi na majina ya watu wako, wala ufikivu. Inayoomba meseji inataka zile namba za uthibitisho, basi, hakuna sababu nyengine.

Na ile ya "bila bando" na "hata mtandao ukizimwa" ni uongo mtupu. VPN haitengenezi intaneti, inapita juu ya intaneti ilokuwepo, ikikatika yote imekatika. Na TCRA walitangaza Oktoba 2023 kwamba wanaohitaji VPN kwa kazi zao watoe taarifa kwao, kwa hiyo mtu akikwambia ya kwangu haikuhusu hayo, jiulize kwa nini anakupitisha mlango wa nyuma.

Zile GB 11 fundi alisema huenda simu yangu ilikuwa imegeuzwa njia, yaani watu wengine huko duniani wanapita kwenye intaneti yangu wafanye mambo yao na anuani inayoonekana ni ya kwangu. Nikaona anatia chumvi. Mwanangu wa kiume alipotafuta akanionesha kitu cha kweli kabisa: Mei 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kukamatwa kwa mtu alokuwa akiendesha mtandao ukiitwa 911 S5, ulikuwa ukiingia kwenye kompyuta za watu kupitia VPN za bure kama MaskVPN na DewVPN na nyengine, anuani za intaneti zaidi ya milioni 19, karibu nchi 200, na wahalifu walikuwa wakizikodi kufanyia wizi. Mwenye kompyuta yake amekaa kwao hana habari. Mie sijui kilichopita kwenye simu yangu usiku ule wote, na naogopa kujua.

Hata hiyo "maisha yote" yenyewe, kampuni halisi zimeshindwa. VPNSecure mwaka 2025 iliwafutia wateja walolipia maisha, wenye wapya wakasema walipoinunua hawakujua kama kuna watu wa namna hiyo. Seva zinalipiwa kila mwezi, sasa 25,000 ya mara moja itazilipia mpaka lini?

Kaka yangu yuko Chake, nilimtuma aende pale alipoelekezwa kwamba ndo duka. Pana duka la vitenge, mwenyewe mama mtu mzima, akasema yeye ni wa nne kumuuliza habari ya VPN tokea mwezi uanze, na mmoja alikuja na ukali kidogo amtukane. Maskini na yeye kachafuliwa pahala pake bure.

Nimesharipoti polisi, nimepewa RB. Namba yake nimeituma 15040, ile ya TCRA ya kuripoti matapeli, na nyie mkiletewa tangazo hili fanyeni hivyo hivyo, haichukui dakika. Pigeni na *106# mutizame laini zilosajiliwa kwa kitambulisho chenu, mie zangu zilikuwa salama alhamdulillah. Kama mumeshatia programu yake, zimeni data na wai-fai sasa hivi, laini itieni kwenye simu nyengine, paswedi za emeli na benki badilisheni kutoka simu nyengine si hiyo, kisha simu ipelekeni ikafutwe yote, kuiondoa programu peke yake hakutoshi, nimeona kwa macho yangu. Na WhatsApp tieni ile PIN yenu ya hatua mbili leo leo. Mie sikuwa nayo, akaiweka yeye, niliporudi kwenye akaunti yeye alitoka lakini nikaambiwa nisubiri siku saba. Siku saba wageni wananitafuta hawanipati, bukingi mbili zimekwenda.

Juzi dada mmoja wa Mwanakwerekwe kanitumia skrinshoti, karudi. Namba mpya, jina jipya, picha sasa ni ya laptopu si ya mtu, bei imeshuka 20,000, lakini maneno ni yale yale, "umekuja pahala pa haki".

Khalati nimeshamrejeshea 50,000, bado 30,000. Kwa mwengine yeyote alopata meseji ya hospitali kutoka namba yangu Jumanne ile, kuanzia alfajiri mpaka saa kumi jioni, sikuwa mie na mtoto mzima wa afya. Kama ulituma chochote, hata elfu tano, nipigie kwa sauti unambie, nataka niwajue wote.