Ukitaka kumsoma Dubravka Ugrešić, nunua hiki kwanza

Malalamiko yamezidi. Mtu anaagiza “riwaya” ya Dubravka Ugrešić, mwandishi wa kike aliyetoka Yugoslavia ya zamani, analetewa Karaoke Culture, ambayo ni insha mwanzo mwisho. Kwa wauzaji wengi, chochote chenye jina lake ni riwaya, basi.

Jalada na bei mtajionea wenyewe. Mimi naogopa kurasa zilizochomoka kwenye nakala zilizotumika. Riwaya ninayokwambia uanze nayo, The Museum of Unconditional Surrender, imeandikwa kwa vipande vifupi, vingi vina namba. Inafungua na Roland, walrasi (mnyama mkubwa wa baharini mwenye pembe za meno) wa bustani ya wanyama ya Berlin aliyekufa Agosti 1961, na vitu vilivyokutwa tumboni mwake: kiberiti cha gesi cha rangi ya waridi, vijiti vya aiskrimu, bruchi, yaani pini ya mapambo, yenye umbo la mbwa. Sasa kwa uandishi wa namna hiyo, karatasi mbili zikidondoka hushtuki. Unadhani ni mwandishi karuka. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji apige picha mgongo wa kitabu, kisha uhesabu namba za vipande.

Hata hivyo ndicho namba moja kwangu, kwa tafsiri ya Celia Hawkesworth. Maisha ya uhamishoni aliyoyaishi mwandishi yamo humo. Mwaka 1988 Ugrešić alikuwa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya NIN, tuzo ya riwaya ya Yugoslavia. Mwaka 1992 gazeti la Globus la Zagreb, mji mkuu wa Kroatia, likamwita mchawi, yeye na wanawake wenzake wanne, kwa kuwa alikataa kushangilia uzalendo wa vita Yugoslavia ilipovunjika. Mwaka 1993 akaondoka nchini. Alifia Amsterdam, Machi 2023.

Namba mbili ni The Ministry of Pain. Mwalimu anawafundisha wakimbizi wenzake, huko huko Amsterdam, fasihi ya Yugoslavia, nchi isiyokuwepo tena, na baadhi ya wanafunzi wanajikimu kwa kushona mavazi ya klabu za watu wanaostarehe kwa kuumizwa. Kinauma, lakini kinasomeka haraka kuliko cha kwanza.

Namba tatu, Fox, cha wachapishaji Open Letter wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani. Nawapendelea, sifichi. Walimchapisha kitabu baada ya kitabu, hata kabla hajapewa tuzo ya kimataifa ya fasihi ya Neustadt mwaka 2016.

Baba Yaga Laid an Egg kinachekesha, na kila sehemu kati ya tatu ina mfasiri wake. Kisubiri zamu yake. Nakala za kusomea kwenye simu ni za bei rahisi, zinasomeka.

Kinachonikera ni hili neno “adimu”. Kitabu mchapishaji bado anakiuza, jamaa anakibandika “adimu” na kupandisha bei maradufu, nauli mbali, na ukimuuliza mfasiri ni nani anakujibu “Kiingereza”. Huyo mwache na kitabu chake.