TAHADHARI: Lenzi za "makro" zinazotumwa Tabora kwa basi

Ndugu zangu wapiga picha, hasa mnaopiga nyuki, maua na picha za kubandika kwenye chupa za asali hapa Tabora mjini, Sikonge na Urambo: kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, anasema ana duka Kariakoo, anauza "lenzi ya makro 58mm" (makro ni lenzi ya kupiga vitu vidogo kwa karibu sana) kwa Sh 280,000. Msimtumie hela.

Kijana mmoja wa hapa mjini alilipa, akapokea mzigo stendi, kisha akaniletea akilalamika kwamba haiingii kwenye kamera. Haiwezi kuingia. Haina sehemu ya kufungia kwenye kamera wala vile vidoti vya umeme vya nyuma. Ina nyuzi tu za kusokotea mbele ya lenzi nyingine, na hiyo 58mm ni kipenyo cha hizo nyuzi. Ubavuni imeandikwa 0.43x. Ukiifungua inatoka vipande viwili: kile kikubwa ni cha kupanua upeo wa picha, na kile chembamba cha nyuma ndicho hicho anachokiita makro. Tulikisokota kwenye lenzi yake ya 18-55 tukapiga ua la mwembe. Katikati kuna afadhali, lakini pembeni picha imevurugika na kila ukingo umezungukwa na rangi ya zambarau. Kijana alitaka kuonyesha chavua kwenye miguu ya nyuki, ndiyo sababu alijichanga miezi yote hiyo. Alipouliza, akajibiwa kwamba hajui kutumia, kisha akablokiwa.

Mtu huyohuyo anauza pia lenzi za 70-300 na kuwaonyesha watu maandishi ya mbele, 1:4-5.6, akidai ndicho kipimo cha makro. Huo ni uongo. Namba hiyo ni ya tundu la kupitishia mwanga, na karibu kila lenzi inayo. Kipimo cha makro ni kingine: 1:1 maana yake nyuki wa milimita 12 anachorwa kwenye sensa (kile kibao cha ndani ya kamera kinachopokea picha) kwa milimita 12 zilezile. Kamera nyingi tunazotumia huku zina sensa ndogo, yenye upana wa milimita 22 hadi 24, kwa hiyo nyuki huyo anajaza nusu ya upana wa picha. Kwa 1:4 anapata milimita 3 tu. Hata neno MACRO kwenye lenzi lisikutoshe, kwani zipo zoom za kampuni zinazoheshimika zenye neno hilo na zinaishia 1:2 au chini ya hapo. Nikon wao wameandika Micro kwenye makro zao nyingi.

Kwa hiyo mwambie muuzaji aweke rula mezani, aizungushe lenzi hadi mwisho wa kulenga karibu, apige na akutumie picha nzima bila kuikata. Kwenye sensa ndogo, lenzi ya 1:1 itaonyesha milimita 22 hadi 24 kutoka kushoto hadi kulia; kwenye sensa kubwa, 36. Ukiona karibu sentimita 9 kwenye sensa ndogo, hiyo ni 1:4. Aandike na jina lako kwenye karatasi pembeni ya rula, asije akakutumia picha ya kuokota mtandaoni. Mwenzetu mwingine alimwomba hivyo, jamaa akawa mkali, akasema kuna mteja yuko njiani kuichukua, atumiwe nusu haraka.

Pete za kurefusha lenzi, zinazokaa kati ya kamera na lenzi ili ilenge karibu zaidi, si utapeli, zinafanya kazi vizuri. Ila za bei ya chini zisizo na vidoti vya umeme, kwenye Canon hutaweza kubadili tundu la mwanga, na kwenye lenzi nyingi za Nikon zisizo na pete ya kuzungushia tundu, tundu linabaki limefumba na unaona giza. Ukinunua makro iliyotumika, mulika tochi upande mmoja na uchungulie upande wa pili. Fangasi huonekana kama nyuzi za buibui. Na kwa nyuki wetu chukua ya 90 au 100mm: kwenye 1:1 unabaki na takriban sentimita 15 mbele ya kioo, wakati ya 60mm inakupeleka 10 au chini yake. Mlangoni mwa mzinga tofauti hiyo unaisikia usoni.

Kuhusu malipo: jina lililotokea kwenye muamala halikuwa la duka wala la mtu aliyekuwa akichati. Mkiona hivyo, simamisheni hapohapo. Mwenye ndugu Dar amtume na kamera mkononi, lenzi ijaribiwe kabla hela haijatoka.

Kijana ameshachukua RB (namba ya taarifa) polisi. Kama na wewe umeuziwa, usifute mazungumzo. Tunza ujumbe wa muamala na risiti ya basi, kisha niandikie inboksi nikuunganishe naye ili malalamiko yapelekwe kwa pamoja.