Uzoefu wangu: nilivyotengenezewa tovuti ya duka la vitambaa

Kati ya nyota tano nampa mbunifu wetu nne. Ya tano imeliwa na suala la domeni, yaani jina la anwani ya tovuti, nitalifikia. Jina lake silitaji, maana ninachotaka kusimulia ni kazi yenyewe: kulichukua duka ambalo watu wanalijua kwa miguu na kulifanya watu walitambue kwenye kioo cha simu.

Kabla yake nilijaribu mwenyewe. Nilichukua kiolezo cha bure cha WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, nikabandika nembo juu, nikaweka rangi yetu ya njano, nikajiona fundi. Mama, ambaye duka ni lake, aliitazama akauliza, "Hili duka la nani?" Juu kulikuwa na picha ya msichana anayecheka ameshika mifuko, na maandishi ya kuwakaribisha watu kwenye ulimwengu wa mitindo. Sisi mitindo hatuuzi. Tunauza vitambaa kwa mita, bitana, nyuzi, zipu na vifungo, na wateja wetu wengi ni mafundi wenye haraka zao.

Mbunifu alipokuja nilitarajia aniulize napenda rangi gani. Badala yake aliomba kiti karibu na kaunta akakaa siku mbili na daftari, akiandika maneno ya watu wanavyoingia nayo. Nilipoyasoma niliona aibu kidogo, kwa kuwa nimeyasikia miaka yote bila kuyasikiliza. Hakuna aliyeingia akataja poliesta. Walisema: nataka kisichochuja. Nataka cha pazia, kisichoonyesha ndani. Nataka cha sare, kigumu, kisichorudi kikifuliwa. Kwa hiyo menyu ya tovuti akaipanga kwa kazi ya kitambaa. Mimi nilitaka ipangwe kama daftari letu la stoo, pamba huku, hariri kule, na tulibishana karibu wiki nzima. Mwishoni jina la malighafi likawekwa kwa herufi ndogo chini ya kila kitambaa. Nakiri nilikosea: simu za kuuliza kipi kinafaa kwa pazia zimepungua sana.

Halafu likaja suala la herufi. Bango letu la mlangoni lilichorwa kwa mkono, herufi nene zenye mikia, na moja imeinama kama mtu aliyechoka. Nilitaka tuachane nalo, tuchukue fonti (mtindo wa herufi wa kompyuta) safi kama maduka makubwa. Mbunifu alilipiga picha, akachora upya jina la duka tu, pamoja na ile herufi iliyoinama, akalihifadhi kama SVG. Faili la namna hiyo hubeba mistari badala ya nukta, hivyo jina linakaa vizuri kwenye kona ya simu na hata likikuzwa liwe la ukutani. Maandishi mengine yote akayaweka kwa fonti ya kawaida kabisa. Alisema herufi za bango zimechorwa kusomwa kwa mbali, neno moja au mawili, na ukizijaza kwenye aya nzima msomaji atakimbia. Hapo sikuwa na ubishi.

Njano ndiyo iliyotusumbua. Kwenye bango jina ni jeupe juu ya njano, na mimi nikataka vitufe vyote viwe hivyo. Akanionyesha kipimo. Mwongozo wa WCAG, unaohusu tovuti kusomeka na watu wote, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane mwangaza na mandharinyuma kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, na makubwa 3 kwa 1. Nyeupe juu ya njano yetu haikufika hata 2. Nikamuuliza, mbona bangoni inasomeka? Akanitoa nje tukatazame. Mchoraji alikuwa amezungushia kila herufi mstari mwembamba mweusi. Napita chini ya bango hilo kila asubuhi na sikuwahi kuuona! Sasa vitufe ni njano na maandishi yake ni meusi.

Alituachia pia ukurasa mmoja wenye vipimo vya njano hiyo mara mbili: kimoja cha skrini, inayotumia mwanga mwekundu, kijani na bluu, kingine cha mashine ya kuchapa, inayochanganya wino. Hapo nikaelewa kwa nini mifuko yetu haikuwahi kufanana na kadi zetu. Kila mchapaji alikuwa anakisia.

Sasa lawama. Picha za kwanza zilikuwa mbaya, na ni mpiga picha aliyemleta yeye. Zilipigwa chini ya taa za dukani, bluu ya nili ikatoka kama nyeusi. Fundi mmoja aliagiza mita nne za rangi ya damu ya mzee, zilipomfikia akaona ni nyekundu ya kawaida, akarudisha. Hasara ikawa yetu, na kwa haki. Tulirudia kila picha karibu na dirisha, mchana, bila jua la moja kwa moja, tukiweka karatasi nyeupe pembeni ili kamera ijue nyeupe ni ipi. Juu ya kila kitambaa tukalaza futi ya kamba ili ukubwa wa ua uonekane. Futi hiyo sasa imekuwa kama alama yetu, wateja wanazitambua picha zetu kwayo. Hata hivyo kila kioo cha simu kina rangi zake, kwa hiyo pana kitufe cha kuomba kipande cha mfano. Kama duka lako linauza kitu ambacho rangi yake ndiyo bidhaa, usikubali kukosa kitufe hicho. Na picha za megabaiti tano zilizotoka kwenye simu alizipunguza kwa WebP, aina ya faili jepesi la picha, hadi chini ya kilobaiti 200 kila moja, vinginevyo nani angesubiri?

Domeni, basi. Aliisajili kwa jina lake na barua pepe yake, eti kuharakisha. Nilijua ulipofika wakati wa kulipia upya, taarifa ikaenda kwake naye alikuwa safarini. Alinihamishia bila ugomvi, lakini kwa siku kadhaa jina la mama yangu lilikuwa mali ya mtu mwingine. Sajili mwenyewe kabla hata hujaongea na mbunifu.

Maneno ya ukurasa wa mwanzo ndiyo yaliyochelewesha kazi, wiki tisa badala ya sita. Mbunifu alikuwa ameandika kwamba tunajivunia ubora usio na kifani. Mama akamwambia, "Mwanangu, hayo hata mwizi anaweza kuandika." Akasema yake, mbunifu akayaandika kama yalivyo: Tunapima mbele yako. Ukikuta pungufu, rudi nacho.

Sentensi hiyo imekaa juu kabisa, kwa herufi nyeusi. Mteja wa kwanza kuagiza kupitia tovuti alituandikia kwa utani: nipo mbali, mtapimaje mbele yangu? Mama hakucheka. Alitandika kitambaa kaunta, akalaza futi mpaka kwenye ncha iliyokatwa, akaniambia nipige picha nimtumie kabla hajakikunja. Tangu siku hiyo hakuna mzigo unaotoka bila picha hiyo.