Mafuta ya Kukuza Nywele ya Karafuu na Vitunguu: Tathmini Baada ya Wiki Tatu

Mafuta haya niliyanunua Kariakoo kwa shilingi 12,000, chupa ya mililita 100, katika duka la dawa za asili ambalo sitalitaja jina. Nilikuwa nimefumua rasta nilizokaa nazo miezi miwili, nywele za pembezoni mwa paji zimekatika kwa kusukwa kwa kukaza, na msusi wangu ndiye aliyenielekeza huko. Kibandiko kinataja karafuu, vitunguu maji, kitunguu saumu, uwatu na mafuta ya nazi, kisha kinamalizia kwa kusema kwamba mafuta ni ya asili tupu na hayana madhara. Kiasi cha kila kiungo hakikuandikwa, wala tarehe ya kutengenezwa.

Mema yake yapo na ni haki kuyataja. Harufu ya karafuu hufunika ile ya vitunguu, mafuta ni mepesi, hayachafui foronya, na nywele zenyewe zilikuwa laini tangu siku ya kwanza, ingawa hiyo naihesabu kuwa kazi ya nazi, ambayo ningeipata kwa bei ndogo zaidi sokoni.

Maelekezo yanamtaka mtumiaji apake mafuta kwenye ngozi ya kichwa, avae mfuko wa nailoni na kulala nao hadi asubuhi. Usiku wa kwanza nilisikia joto, kisha ganzi. Nilipompigia muuzaji, alinijibu kwa upole: "Dada, ukisikia moto ujue mizizi inaamka; ukiosha umeiua dawa." Naichukulia kauli hiyo kuwa kasoro kubwa kuliko zote za bidhaa hii, kwa sababu inamfundisha mteja kulipuuza onyo pekee ambalo ngozi yake inaweza kumpa. Nilimtii. Baada ya kupaka mara ya tatu, niliamka kichwa kinawasha kupita kiasi, vipele vimejaa nyuma ya masikio na shingoni ambako mafuta yalichuruzika, na kufikia jioni sehemu za pembeni zilikuwa zinatoa majimaji.

Daktari wa ngozi aliniambia kwamba kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni ngozi kuunguzwa na kitu kikali, jambo linaloweza kumpata yeyote na huonekana mapema. Kitunguu saumu kibichi kikifungwa juu ya ngozi kwa saa kadhaa kinaweza kuacha kidonda kama cha moto. La pili ni mzio, ambao kwa kawaida hujitokeza siku moja hadi tatu baada ya kupaka, humpata mtu ambaye mwili wake umeshakikataa kiungo fulani, na ukishaanza hurudi kila anapokigusa. Mikwaruzo iliyobaki baada ya kufumua ilifungua njia, na nailoni ikayazuia mafuta yasipunguke. Kwangu alishuku yote mawili, akanipa dawa ya kupaka yenye steroidi, na ilinichukua siku 10 kupona.

Mshukiwa wa kwanza ni karafuu. Mafuta yake yanayokenekwa, yaani yanayotolewa kwa mvuke, huwa na kemikali iitwayo yujenoli kwa zaidi ya asilimia 70, na ndiyo ile ile inayotia ganzi jino linalouma, ambayo madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki kuzibia matundu. Umoja wa Ulaya unataka itajwe kwenye kibandiko cha kipodozi kisichooshwa pindi inapozidi asilimia 0.001. Kuloweka punje chache za karafuu katika mafuta ya nazi, kama walivyofanya bibi zetu, si sawa na kumiminia mafuta yaliyokenekwa ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, na neno "karafuu" kwenye kibandiko halimwambii mnunuzi ni lipi kati ya hayo mawili. Nilipomuuliza muuzaji, alisema hutia "vifuniko viwili" vya makonyo. Vifuniko viwili katika ujazo gani, hakujua.

Kuhusu vitunguu, madai hayakuzuka hewani: mwaka 2002 madaktari wa Baghdad walichapisha jaribio dogo la maji ya vitunguu kwa watu wenye mabaka ya upara. Lakini ugonjwa huo ni tofauti na nywele zilizong'olewa kwa kusukwa, kwa hiyo hata pasipo vipele sioni kwa nini mtu mwenye tatizo kama langu ayanunue.

Aliyekwisha kuyanunua asianzie kichwani. Apake kidogo ndani ya mkono, karibu na kiwiko, mara mbili kwa siku kwa siku 7 hadi 10, na ngozi ikiwa nyekundu au ikiwasha aoshe na kuacha. Akiyatumia kichwani, iwe ni kwenye ngozi isiyo na mikwaruzo, bila nailoni, na bila kulala nayo.

Ninayapa nyota moja na nusu kati ya tano. Nyingine nusu ningeiongeza kama kibandiko kingetaja vipimo. Nilipomrudishia chupa muuzaji, hakubishana. Alinipa mafuta ya nazi matupu badala yake, akaifuta chupa yangu kwa kitambaa na kuirudisha kwenye rafu.