Sakafu ya mikrosimenti: mwaka mmoja baadaye

Niliitaka kwa sababu moja tu: nilichoka kusugua mistari ya vigae kwa mswaki. Mikrosimenti, yaani rojo laini la saruji linalopakwa kwa tabaka nyembamba, haina mistari. Unene wake ni kama milimita 2 hadi 3, kwa hiyo fundi aliipaka juu ya vigae vilevile vya zamani, bila kubomoa wala kukata milango.

Kazi yenyewe inataka subira. Alijaza kwanza mifereji ya vigae, akalaza wavu wa nyuzi za kioo, ndipo akapitisha mwiko tabaka kwa tabaka, huku akipiga msasa. Mwisho vanishi ya poliyurethani, na hiyo ndiyo kinga halisi ya maji na mafuta.

Jua la asubuhi likipiga kwa pembeni, alama za mwiko zinaonekana. Mimi nazipenda, mume wangu anasema ni kama fundi aliondoka kabla hajamaliza.

Lawama ninayo moja. Kigae kimoja mlangoni mwa bafu kilikuwa kinacheza. Nilimwonyesha fundi, akasema, "Kitashika tu, dada." Miezi minne baadaye ufa mwembamba kama unywele ukajitokeza palepale. Gongeni kila kigae kabla ya kupaka, na kinacholia utupu king'olewe.